Inajisafisha Yenyewe

Harufu aliikuta kwenye ngazi, kabla hajafika mlangoni kwake. Ilikuwa harufu ya plastiki iliyoungua pamoja na mafuta ya siku nyingi, nzito, ya kukaba koo. Mshona mapazia alikuwa na futi yake shingoni na mfuko wa sampuli za vitambaa begani. Akakaza mwendo. Mlango wa nyumba yake ulikuwa wazi, majirani wamejazana kwenye korido utadhani wamekuja msibani, na mama wa mlango wa pili, ambaye mdomo wake haujui likizo, alikuwa anapepea moshi kwa mfuniko wa ndoo.

"Afadhali umekuja, jirani! Mzee wako hajambo. Nusura atuchome wote humu, lakini hajambo."

"Kafanya nini?"

Aliuliza tu, lakini jibu alikuwa nalo. Mzee hakufanya kitu. Mchana ule, baba mkwe alipokwenda kujinyoosha chumbani kwake baada ya kula, ni yeye mkwe aliyekwenda jikoni, akabonyeza kile kitufe cha pembeni cha oveni, akakishikilia mpaka mlango wa oveni ukajifunga wenyewe kwa mlio wa "klak". Kisha akafunga madirisha yote, maana sebuleni alikuwa ametundika pazia jeupe la mteja na hakutaka lishike vumbi la barabarani. Akatoka kwenda kupima madirisha ya daktari wa meno. Oveni ilikuwa ya aina inayojisafisha yenyewe. Alishawaringia majirani wote kwa neno hilo, na mwenyewe alilielewa hivyo hivyo lilivyo: yenyewe, yaani bila mtu.

Tena alikuwa ameambiwa. Mteja aliyemwachia oveni hiyo alipokuwa anahama alimweleza kwa ufasaha: toa kila kitu kilichomo, futa mafuta yaliyoganda chini, acha madirisha wazi, na usitoke nyumbani mpaka imalize, kwa sababu mle ndani mnakuwa na moto wa kugeuza uchafu kuwa majivu. Yeye aliitikia "ndiyo, ndiyo" huku macho yake yakipima mlango wa nyumba, kama oveni itapita.

"Alikuwa anapasha chakula," jirani aliendelea. "Nimemkuta jikoni, moshi mpaka darini, anavutana na mlango wa oveni na mlango haufunguki. Nikakimbilia swichi ya ukutani nikazima. Mkono umembabuka. Hawa wazee, mama, ni kama watoto, tofauti ni kwamba mtoto unaweza kumchapa."

Watu kwenye korido wakacheka, kicheko cha watu walioogopa na sasa hawaogopi tena. Mshona mapazia akajikuta naye ametabasamu. Tabasamu hilo lilimkera baadaye kuliko mengine yote.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti cha jikoni, mkono wa kulia ndani ya beseni la maji. Alikuwa mtu mrefu aliyeanza kupinda, na mtaani walimwita Mzee Boila, kwa kuwa maisha yake yote ya kazi aliyamaliza akitunza boila ya kufulia nguo za hospitali. Alikuwa akijisifu kwamba moto ulimheshimu kwa sababu yeye aliuheshimu kwanza. Ukimpa njia ya maneno alikusimulia habari za presha, valvu na mvuke mpaka chai yako ikapoa. Leo hakuwa na simulizi.

"Mwanangu," alisema. "Sijui ilikuwaje. Nilikuwa nimelala, nikasikia harufu, nikaja." Akakunja uso. "Au nilikuja kabla ya harufu? Hebu nikumbushe."

Alimtazama mkwewe kwa macho ya mtu anayeuliza njia. Na hapo, wala si mahali pengine, ndipo maneno mawili tu yangetosha. Mshona mapazia alifungua kinywa. Lakini mumewe akaingia mbio akiwa bado na sare yake ya msoma mita za maji, jasho linamtiririka, na woga wake ukatoka kwa sura ya hasira, kama ulivyo woga wa wanaume wengi.

"Baba! Oveni si tulikukataza?"

"Nilisikia harufu..."

"Na bomba la bafuni nalo ulisikia harufu? Dari ya watu wa chini haijakauka mpaka leo!"

Habari ya bomba aliloliacha wazi ilikuwa ya kweli, na mzee akainamisha kichwa. Mume akamgeukia mkewe. "Wewe ulipotoka, jiko ulilizima?"

"Nililizima," alisema.

Neno lilitoka lenyewe. Hakulipanga wala hakulitafuta. Ila likishatoka halirudi, na mume akashusha pumzi, akamshika bega, akamwambia pole.

Oveni ilipopoa, mlango ukakubali kufunguka. Katika nyumba ile oveni ilikuwa kabati kwanza, jiko baadaye. Siku ambazo hawaoki, na ndizo nyingi, mlikaa masufuria, kikaango na mabakuli ya plastiki yasiyokuwa na pa kukaa. Mchana ule mshona mapazia alitoa sufuria kubwa na kikaango vilivyokuwa juu, kwa haraka ya mtu anayesubiriwa, wala hakuinama kuona cha chini. Chini kulikuwa na mabakuli na vifuniko vyake, na trei yenye mafuta yaliyoganda. Sasa vyote vilikuwa kitu kimoja cheusi kilichong'ang'ania wavu.

Mume alipiga magoti akawa anakwangua kwa kisu cha zamani. Mkewe alimshikia taa.

"Hebu ona," mume alisema. "Hata vyombo hakutoa. Mtu mwenye akili zake anaweza kuwasha oveni yenye mabakuli ya plastiki ndani?"

"Hawezi," alijibu mkewe, akaisogeza taa pembeni.

"Tulia basi, naona giza."

Mzee alikuwa amesimama mlangoni, kiganja kimefungwa bendeji, anasikia kila neno. Hakujitetea. Aligeuka taratibu akarudi chumbani kwake, na mshona mapazia akamfuata kwa taa bila kujua, mpaka mumewe alipomwambia tena kwamba haoni.

Waswahili walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwanzoni mshona mapazia aliuona huo mzigo aliomtwika mzee kuwa mwepesi kweli. Mzee kakemewa, si mara ya kwanza. Mkono utapona. Yeye je, akisema sasa, mumewe atamwelewaje? Hatashangaa oveni, atashangaa lile "nililizima". Akajiambia atasema hasira zikipoa. Hasira zikapoa. Akajiambia atasema wakiwa peke yao. Wakawa peke yao, na mume akalala.

Kisha akaanza kuona mzigo unavyomkalia mzee.

Mume alichomoa swichi zote za jiko, zile za kuzungusha, akawa anaziweka kwenye droo ya cherehani na kumkabidhi mkewe. Mzee, ambaye kila asubuhi alizoea kujitengenezea chai kabla ya wote, sasa alikuja kusimama nyuma ya cherehani na kikombe kitupu, akingoja mpaka mkwe afike mwisho wa mshono.

"Mwanangu, ukipata nafasi. Si lazima sasa."

"Baba, si ungeniita tu?"

"Unafanya kazi. Mimi sina kazi."

Akaacha kwenda kwa fundi viatu kucheza drafti na wenzake. Alipoulizwa alisema miguu inauma, lakini jirani, asiyeweza kukaa na neno tumboni, alishaleta habari kamili: wenzake walimpokea siku ya kwanza kwa kumwita Zimamoto, wakacheka mpaka kete zikamwagika. Ulikuwa utani tu, wa watani wa miaka mingi. Zamani angewajibu kwa utani mkali kuliko wao. Safari hii alicheka nao, akaaga, hakurudi.

Baya zaidi lilikuwa hili la kuuliza. "Mwanangu, nimefunga bomba?" Anakwenda kutazama, limefungwa. "Mwanangu, taa ya chumbani nimezima?" Imezimwa. "Hebu niangalizie, mimi sijiamini." Alikuwa akitoka chooni anarudi tena kutazama, anasimama na mkono juu ya koki, anaibana tena na tena. Mtu aliyelinda mvuke wa hospitali nzima sasa alikuwa haaminiani na koki ya sinki. Na kila aliporidhika alimshukuru mkwewe, "Ahsante, mwanangu, bila wewe ningeshafanya maafa," naye mkwe alijibu "Usijali, baba," akarudi kwenye cherehani yake uso unawaka haya. Alishona pazia zima la daktari wa meno pindo likiwa nje, ikabidi alifumue.

Wifi yake, mwalimu wa shule ya msingi, alikuja kuwatazama. Alikuwa mwanamke mwema, wa machozi ya karibu. Alimletea zawadi: sweta la bluu, laini, jipya.

"Hili lako, wifi. Pole ya kumvumilia mzee. Mwingine angeshamtupia mabegi nje."

"Siwezi kulipokea, wifi. Sikufanya kitu."

"Unaona alivyo?" wifi alimwambia kaka yake. "Hata sifa hataki. Livae, nikuone."

Alilivaa. Likamkaa sawasawa. Wakamgeuza huku na huku, wakamsifu, na mzee naye akasema kutoka kwenye kona yake, "Binti yangu huyo." Watu husema kuvikwa kilemba cha ukoka, yeye alivikwa sweta, na lilimchoma mwili mzima. Ndipo wifi akasema alichokuja kusema: kaka mkubwa atakuja Jumamosi kumchukua mzee. Huko kwake kuna nafasi, chumba cha uani kimeshapakwa rangi. Mke wake yuko nyumbani kutwa, na jiko wanalifunga kwa ufunguo.

"Kwa ufunguo?" aliuliza mzee.

"Kwa usalama wako, baba."

Mzee aliitazama bendeji yake. Kwa miaka alikuwa amekataa kwenda kwa mkubwa. Alikuwa akisema yule mwanawe ana nyumba nzuri mno, ukikaa unaogopa kukunja kitambaa cha kiti. Siku zote alipokataa alikuwa na sababu na mzaha. Sasa alisema tu, "Sawa. Mnavyoona nyie."

Shemeji mkubwa alifika Jumamosi na gari lake. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na alizungumza kama anayepanga bei: taratibu, bila kurudia. Wakaketi sebuleni wote watano, na wifi akiwemo. Begi la mzee lilikuwa limeshafungwa, liko karibu na mlango. Mshona mapazia ndiye aliyemkunjia nguo. Katika kukunja alikuta mashati yote yamewekwa alama ya kalamu kwenye kola, mengine "Jumatatu", mengine "Jumanne", kwa mwandiko wa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa na bendeji. Alikaa kitandani kwa mzee na mashati yale mapajani, akalia kimya kimya, na aliponyanyuka alikuwa ameamua.

"Baba hatumfukuzi," shemeji mkubwa alikuwa anasema. "Tunamlinda. Na ninyi tunawashukuru. Shemeji hasa. Baba, una neno?"

"Mimi?" Mzee alitabasamu kidogo. "Nina neno gani? Maisha yangu yote nimekaa na moto, sijaunguza hata leso ya mgonjwa. Leo naichoma nyumba ya mwanangu. Twendeni tu."

"Si baba," mshona mapazia alisema. "Ni mimi."

Wakamgeukia.

"Mimi ndiye niliyeiwasha oveni. Niliiweka ijisafishe, nikafunga madirisha, nikatoka. Baba alikuwa amelala. Alinusa moshi akaja kutuokolea nyumba, ndivyo alivyoungua mkono."

Kisha wifi akatoa leso, machozi tayari.

"Mnamwona?" alisema kwa sauti ya kukatika. "Mnaona moyo wa mtu huyu?"

"Wifi, nasema kweli."

"Shemeji," mkubwa alisema kwa upole, "heshima yako kwa baba tunaijua. Lakini huna sababu ya kujibebesha. Hapa hakuna anayemhukumu."

"Mume wangu, niliposema nililizima, nilikudanganya."

Mume alimkodolea macho. "Ulinidanganya wakati ule, au unanidanganya sasa? Maana wewe ukimwonea mtu huruma, nakujua."

Mshona mapazia hakuwa ametegemea hilo. Alijiandaa kwa matusi, kwa kufukuzwa, kwa kofi hata. Sifa hakujiandaa nazo. Aliona aibu mpaka masikio yakaziba, akatamani mmoja wao, yeyote yule, amtukane.

Mzee ndiye aliyeinuka. Akaja akamwekea mkono mzima begani.

"Usiseme uongo kwa ajili yangu, mwanangu. Nakumbuka mwenyewe. Mwanzoni lilinipotea, lakini nilivyokaa nikifikiri limerudi lote. Niliamka na njaa. Nikaja jikoni, nikataka kupasha ule mkate wa asubuhi. Nikazungusha swichi, ikalia 'ti'. Mpaka mkono wangu nauona, na kucha hii iliyopasuka."

"Mkate wa asubuhi tuliumaliza asubuhi, baba," mkwe alimwambia.

"Niliuona."

"Baba, haukuwepo."

Mshona mapazia alitambua kwamba hapa pana jambo jipya, na baya kuliko yote aliyoyaogopa. Mzee hakuwa anakubali kosa kwa sababu ya kushindwa kubisha. Walimwambia, wakamrudia, wakamcheka, mpaka kichwa chake kikamtengenezea mkate, swichi na mkono. Akamshika mzee, akawaita wote jikoni.

Alifungua oveni wakaona ni tupu. Akafungua dirisha. Akachukua swichi kutoka kwenye droo ya cherehani, akaichomeka mahali pake. "Hii ndiyo ya kupashia. Izungushe, baba." Mzee akazungusha, taa ya ndani ikawaka, kukawa na mlio mdogo. "Sasa vuta mlango." Ukafunguka bila shida. Mshona mapazia akaufunga, akazima. Kisha akakibonyeza kitufe cha pembeni, akakishikilia. Klak.

"Sasa vuta."

Mzee alivuta. Mlango haukusogea. Mume naye akainama akavuta, akaukazia, akaachia.

"Jirani alikukuta unavutana nao haufunguki," mshona mapazia alisema. "Ukipasha kitu haujifungi. Unajifunga inapojisafisha tu, na kitufe hiki katika nyumba hii hakuna aliyekijua ila mimi. Hata mume wangu sikumwonyesha." Akabonyeza tena kuzima. Walisubiri wote wamesimama mpaka kufuli ya oveni ikaachia.

Mume alimtazama mkewe kwa muda mrefu. Wifi alilitazama sweta la bluu lililokuwa mwilini mwa mshona mapazia, kisha akatazama pembeni. Shemeji mkubwa, mtu wa kupanga bei, alionekana ametafuta bei ya jambo hili akaikosa.

"Wewe," mume alisema. "Siku zote hizi. Ukimletea chai."

"Ndiyo."

"Ukaninyamazia mimi nikimkaripia baba yangu."

"Ndiyo."

Mshona mapazia alipiga magoti palepale kwenye sakafu ya jikoni, mbele ya mzee. "Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe," alisema mzee, haraka, bila kumtazama. Alikuwa ameushika mkono wake wa bendeji kwa ule mwingine, anautazama kama kitu alichoazima. "Kwa hiyo sikuiwasha."

"Hukuiwasha, baba."

"Na mkate ule?"

"Haukuwepo."

"Na mkono niliouona unazungusha?"

Mzee alitikisa kichwa taratibu, si kwa hasira.

Mume alikwenda sebuleni akarudi na begi. Sauti yake ilikuwa imechangamka kwa nguvu, sauti ya mtu anayetaka jambo liishe. "Basi, baba, yamekwisha. Hakuna safari. Hizi nguo narudisha chumbani, na hizo swichi sizichomoi tena. Chai utajitengenezea mwenyewe kama zamani."

"Weka begi chini," alisema mzee.

"Lakini ukweli si umejulikana, baba? Kosa si lako. Hapa ni kwako."

"Weka chini, mwanangu." Akamgeukia mkubwa. "Umesema kwako jiko linafungwa."

"Linafungwa, baba," mkubwa alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliona haya. "Lakini tunaweza kuacha kulifunga. Sasa tumejua."

"Hapana. Lifungwe. Ufunguo akae nao mkeo."

"Kwa nini, baba?" mshona mapazia aliuliza. Alikuwa bado amepiga magoti. Hakuna aliyemwambia ainuke.

Mzee alikuwa ameshafika mlangoni. Aliinama kuvaa viatu vyake, kwa mkono mmoja, na hakutaka kusaidiwa.

"Kule kikiungua kitu," alisema, "nitajua si mimi."